Damu ya Mama, Kioo cha Jumanne

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikipima damu za watu wa Bunia, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na neno langu moja: damu haidanganyi, wanaodanganya ni wenye damu. Nililisema kwa wanafunzi waliokuja kujifunza kazi kwetu, nikalisema nyumbani wakati wa kula, na nililisema kwa sauti. Siku hizi silisemi.

Labo yetu ni chumba kimoja nyuma ya hospitali ndogo. Dirisha lake halifungi vizuri, hivyo vumbi jekundu la pikipiki linaingia, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kupitisha kitambaa chenye maji. Kuna mashine kubwa ya kuhesabu damu ambayo tuliletewa kwa sherehe, wakubwa wakapiga picha nayo. Ilifanya kazi miezi mitatu, kisha umeme ukapanda ghafla na kuiunguza. Leo imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake tunaweka termosi ya chai. Kwa hiyo tunahesabu kwa macho. Unachukua damu kidogo, unaichanganya na maji ya dawa yanayopasua chembe nyekundu na kuacha nyeupe, unaiweka kwenye kioo kinene chenye miraba midogo, kisha unainama kwenye hadubini na kuhesabu mraba kwa mraba, huku mkono wa kushoto ukibonyeza kihesabio. Nahesabu kwa Kifaransa, kama nilivyofundishwa chuoni Nyankunde. Nikijaribu kwa Kiswahili napotea kabla sijafika sabini.

Lazima niseme pia kwamba nina mdomo. Mtaa mzima unajua. Kuna mambo yanayonipandisha hasira tangu zamani. Mtu anakuja dirishani na kuagiza kipimo cha tifoide kana kwamba anaagiza soda, ingawa hajaonana na daktari, kwa sababu hapa kwetu kila homa ni tifoide mpaka ithibitike vinginevyo. Mwingine amekunywa vidonge vitatu vya antibiotiki kutoka kibanda cha dawa, vikabaki saba kwa ajili ya mgonjwa mwingine wa nyumba. Lakini kilichonikera kuliko vyote ni lavema.

Sijui kama kuna nyumba Bunia isiyo na kile kipira chekundu chenye mdomo mrefu, kinachoning'inia karibu na beseni la kuogea. Tumbo likiuma, kabla ya daktari, kabla hata ya kuuliza linaumaje, ni lavema: maji ya vuguvugu yenye tangawizi iliyopondwa, au pilipili, au majani ambayo kila bibi ana yake, yanaingizwa kwa nyuma ili yatoe ubaya ulio ndani. Nimelelewa hivyo. Nilipokuwa mtoto kijijini Fataki, mama alikuwa akinilaza juu ya magoti yake, nami nikilia mpaka majirani wanacheka. Mara nyingi haileti balaa. Lakini kama maumivu yanatoka kwenye kile kiutumbo kidogo cha upande wa kulia, kile tunachokiita apandisi, na kama kimeshavimba kwa usaha, kusukuma maji humo ni kukitaka kipasuke. Nimeona watu waliofika wamechelewa kwa ajili hiyo. Basi nilikuwa nikiwagombeza akina mama mbele ya foleni nzima, nikiwauliza kama wanataka kuua watoto wao kwa tangawizi. Watu walikuwa wakicheka, mama mwenyewe anatazama chini, nami narudi kwenye hadubini nikiona nimefundisha.

Mama yangu alikuja kuishi kwangu baada ya kijiji chao upande wa Fataki kushambuliwa. Alifika na furushi moja. Ndani yake mlikuwa na vitenge viwili, Biblia, sahani ya bati na kile kipira chekundu. Sijui ni nini kilimfanya akichukue wakati watu wanakimbia. Pengine ni kwa sababu alitulea sote sita kwacho. Juma la kwanza nilikichukua na kukitupa katika tundu la choo, huku nikicheka, nikimwambia kwamba katika nyumba ya mtu wa labo kitu kile hakina kazi. Yeye naye alicheka kidogo, kama mgeni anavyocheka.

Mume wangu anafanya kazi ya forodha mpakani Aru na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu, na sauti iliyosikika humo ilikuwa yangu. Mama alilala chumba kimoja na binti zangu. Alikuwa mwanamke mwenye mashamba ya maharagwe na mihogo, aliyeamua ndoa za ndugu zake, na sasa alikuwa akifagia ua kabla hatujaamka na kuuliza kama anaweza kuchukua chumvi. Nilidhani uzee umemtuliza.

Jumanne moja asubuhi hakumaliza uji wake. Nilikuwa nimeshavaa, mfuko begani.

"Mama, kuko nini?"

"Hakuna. Tumbo iko naniuma kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mangaribi."

"Inauma wapi?"

Akazungusha mkono kwenye kitovu, mahali pote na hapana mahali. Nikamwambia avae viatu tuende. Na tulipokuwa tukifunga mlango nikamwuliza swali ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Nilimwuliza hivi:

"Na usiniambie ulifanya lavema!"

"Hapana," akasema.

Lilikuwa swali gani lile? Nilimpa jibu mkononi, naye akanirudishia.

Kwetu, kama ilivyo katika hospitali nyingi ninazozijua, mtu wa nyumba ya mfanyakazi hapiti mlango wa mbele. Haandikishwi, hapangi foleni, daktari hasumbuliwi. Anaingizwa moja kwa moja labo kwa mlango wa nyuma, anatolewa damu, na mwenye labo anamwambia ana nini. Tunaiona ni heshima. Kanuni ya kazi inasema sisi tunatoa namba na daktari anatoa jina la ugonjwa, na mimi kanuni hiyo niliwafundisha wanafunzi kwa ukali. Lakini kwa ndugu zangu nilikuwa natoa vyote viwili. Nilikuwa daktari wa ukoo, na niliupenda ukubwa huo.

Nikamtoa mama damu mwenyewe. Mshipa wake ulikuwa mwembamba, ukitelezateleza chini ya ngozi. Nikaandaa kioo cha malaria: tone nene upande mmoja, na upande wa pili tone lililotandazwa jembamba. Nikatazama malaria, hakuna. Nikahesabu chembe nyeupe: elfu tisa na mia nne, kiwango cha mtu mzima wa afya. Nikapima na CRP, ile protini ambayo ini huanza kuitoa mwili unapokuwa na uvimbe au usaha mahali. Unaweka tone la maji ya damu kwenye kadi nyeusi, unaongeza tone la dawa nyeupe kama maziwa, unaizungusha kadi taratibu mkononi. Protini ikiwepo, yale maziwa yanaganda vipande vidogo vidogo. Ya mama hayakuganda. Yalibaki laini.

"Ni gastriti, asidi ya tumbo tu," nikamwambia. "Ni ile pilipili yako. Rudi nyumbani, kunywa uji, usikule mafuta."

Akashukuru. Alinishukuru kama ningekuwa mtu wa nje, akapanda pikipiki akaenda.

Sasa niseme nilichokuwa nakijua siku ile, maana sikuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Nilijua kwamba CRP haina haraka. Inataka nusu siku, wakati mwingine zaidi, ndipo ionekane, na ukiipima mapema mno inakuambia hakuna kitu. Nilijua kwamba kwa wazee hesabu ya chembe nyeupe huweza kukaa chini hata tumbo likiwa linaoza ndani. Nilijua kwamba jumla haitoshi, lazima uzitenganishe zile chembe nyeupe aina kwa aina, uone kama zile za kupambana na usaha zimezidi. Kazi hiyo inafanyika kwenye lile tone jembamba, na tone jembamba lilikuwa tayari, limekauka, limepakwa rangi, liko chini ya jicho langu. Lakini nje ya dirisha kulikuwa na watu ishirini na zaidi, na nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nikakiweka kioo katika kisanduku cha mbao tunamotunzia vioo vya malaria kwa ukaguzi wa mwezi.

Jumatano jioni nilipofika nyumbani jua likiwa bado lipo, mama alikuwa amekaa kibarazani, ameegemea ukuta.

"Tumbo?"

"Imekwisha kuuma. Saa ile ya saa sita iliuma sana, kiisha ikaacha."

Nikafurahi. Nikamwambia unaona, nilikuambia. Alisimama kuingia ndani akitembea ameinama, mkono kiunoni, nikaona ni uchovu. Ningekuwa nimeelezwa hadithi ile dirishani na mtu nisiyemjua, kwamba maumivu makali yamekata ghafla baada ya siku mbili, ningemkamata mkono na kumpeleka kwa daktari mbio. Kile kiutumbo kikishapasuka, mgonjwa hupata nafuu ya saa chache. Kila mtu wa hospitali anajua. Mimi nilikaanga ndizi.

Alhamisi asubuhi binti yangu mkubwa aliniita chumbani. Mama alikuwa amelala chali, magoti yamekunjwa, midomo mikavu, na joto lake nililisikia kabla sijamgusa. Niliweka mkono tumboni. Lilikuwa gumu kama ubao. Nilipomfunua macho, weupe wake ulikuwa na umanjano kidogo, kidogo sana, wa kumfanya mtu ajiulize kama ni mwanga wa dirisha.

Nilimkimbiza labo, nikamtoa damu tena. Nilikizungusha kichupa cha damu kwenye mashine ndogo ya kuzungushia, na kilipotoka, maji ya damu yaliyoelea juu yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, ilhali yalipaswa kuwa na rangi ya majani makavu. Chembe nyeupe: elfu ishirini na moja. CRP iliganda palepale. Nikaipunguza kwa maji mara mbili, ikaganda, mara nne, ikaganda, mara nane, ikaganda bado. Nikapima bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, kwa sababu ya yale macho. Ilikuwa juu, si sana, mara mbili ya kawaida.

Nikaishika ile bilirubini kama mtu anayezama. Ini, nikajiambia. Homa ya ini, au malaria niliyoikosa. Nikatazama malaria tena, hakuna. Nilitaka liwe ini kwa sababu ini lisingekuwa kosa langu.

Daktari wetu wa upasuaji ni mtu wa maneno machache, mtoto wa mchimba dhahabu, anayesema amejifunza subira kwa kumwona baba yake akiosha mchanga. Nilimpelekea karatasi, na mama nyuma yangu kwenye kitanda cha magurudumu. Akasoma namba zote bila kubadilika uso.

"Nani alisema ni gastriti?" aliuliza, maana niliiandika pembeni, na tarehe ya Jumanne.

"Ni mimi."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Aliweka karatasi chini, akavuta kiti, akakaa usawa wa kichwa cha mama, akamshika mkono kwanza, halafu tumbo. Alibonyeza polepole upande wa kulia, chini, kisha akaachia ghafla. Mama akafumba macho na kuuma kitenge chake.

"Mama," akasema, "siye wote tumekomea mu ile kipira, tumelelewa nayo. Ata mimi, mama yangu alinifanyiaka kila juma. Sasa niambie tu, ju nijue namna ya kukusaidia. Mulifanya mara ngapi?"

Mama alifumbua macho. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa vile na mtu aliyenizaa. Aliniogopa. Nililiona wazi, kama ninavyoona chembe chini ya kioo.

"Uyu atoke inje kwanza," akasema.

Nikatoka. Nikasimama kwenye korido, karibu na akina mama waliokuwa wakisubiri kuchanjwa kwa watoto wao, baadhi yao niliowahi kuwapigia kelele dirishani. Mmoja aliniachia nafasi kwenye benchi. Nilikaa. Kupitia mlango nilisikia sauti ya mama ikiongea, ndefu, tulivu, ikimwambia mtu wa nje yale yote ambayo hakuweza kuniambia ndani ya nyumba niliyodhani ni yake pia.

Daktari alipotoka alinieleza kwa kifupi. Lavema ya kwanza ilikuwa Jumatatu jioni, kwa kipira cha jirani. Ya pili Jumatano saa sita mchana, nikiwa kazini, na ndiyo iliyofuatwa na maumivu makali na ile nafuu. Katikati, vidonge vya kutuliza maumivu kutoka kibandani, na antibiotiki mbili zilizobaki kwa mtu. Apandisi imepasuka, usaha uko tumboni. Nikamtajia bilirubini, nikamwuliza kama si ini.

"Ini iko nahangaika ju ya ule uchafu," akajibu. "Apandisi ikipasuka, bilirubini inapandaka vile. Ile namba yako ni ya muzuri, mama wa labo. Imenisaidia. Tunaingia sasa."

Nilipima kundi la damu ya mama, nikatafuta chupa mbili za damu zinazopatana nayo, nikazipeleka mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Baada ya hapo sikuwa na kazi. Ilikuwa katikati ya asubuhi, mvua ikaanza, na mvua ikinyesha Bunia dirishani hapana watu. Nikafungua kile kisanduku cha mbao na kutoa kioo cha Jumanne.

Nilikiweka chini ya hadubini, kwenye lile tone jembamba, nikadondosha mafuta, nikaanza kuzitenganisha chembe nyeupe aina kwa aina, kama nilivyopaswa kufanya siku mbili kabla. Unahesabu mia moja. Kihesabio kina vibonyezo vingi, kila aina na chake. Kidole changu kilirudi kwenye kibonyezo kilekile, tena na tena. Kati ya mia, themanini na sita zilikuwa za kupambana na usaha, na kadhaa kati ya hizo zilikuwa changa, zimetolewa mfupani kabla ya wakati wake kwa sababu mwili ulizihitaji haraka. Yote yalikuwa pale tangu Jumanne. Damu ya mama ilikuwa imeniambia, na mimi ndiye niliyekuwa nimeigeuzia mgongo. Nililia kidogo, nikapangusa mafuta kwenye kioo, nikakirudisha.

Walimtoa saa nane. Daktari alisema usaha ulikuwa mwingi, wameosha tumbo, wameacha mrija wa kutoa uchafu, na kwamba tungoje.

Siku zilizofuata niliishi kwa CRP ya mama. Siku moja ndiyo, siku nyingine hapana, nilimtoa damu na kuipima; mtu wa afya hafiki sita. Tisini na sita. Bado tisini na sita. Halafu arobaini na nane, na halafu ishirini na nne. Nilikuwa nabeba ile karatasi kutoka labo hadi wodini kama mtoto aliyefaulu mtihani, namsomea kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanapiga makofi. Mama alitabasamu. Mrija ukaondolewa. Jirani yetu, yule mwenye kipira, alikuja na matunda, akanikwepa macho. Nikamkaribisha kiti. Kipira sikukitaja, na kwa mdomo wangu hilo lilikuwa jambo.

Kisha namba ikageuka. Arobaini na nane tena, na kipimo kilichofuata tisini na sita. Kidonda kwa nje kilikuwa kizuri. Daktari alimbonyeza, akamwuliza kama anasikia maumivu mahali, mama akasema hapana. Alipotoka, daktari aliniambia koridoni kwamba huenda kuna mfuko wa usaha umejificha, lakini hajui aanzie wapi, na hataki kumfungua mama mzee wa watu kwa kubahatisha.

Nilirudi nikakaa ukingoni mwa kitanda. Maswali yalikuwa mdomoni, yote kwa sauti yangu ya zamani: kwa nini husemi, unaficha nini, unataka kufa? Niliyasikia kabla hayajatoka. Nikayaacha. Badala yake nikamweleza habari ya kioo.

Nilimwambia kwamba Jumanne ile ugonjwa wake ulikuwa umeonekana katika damu yake, na mimi sikuutazama kwa sababu nilikuwa na haraka na nilijiona najua. Nilimwambia kwamba nilimpitisha mlango wa nyuma kwa sifa zangu, na kwamba angekuwa mama wa mtu mwingine angepangwa foleni na kushikwa tumbo na daktari. Nikamwambia pia kwamba sikupaswa kukitupa kipira chake chooni.

"Nilikosea, Mama. Ni mimi nilikosea."

Wodini mtu alikuwa akikoroga uji, kijiko kikigonga sufuria.

"Apa," akasema hatimaye. Akauchukua mkono wangu na kuuweka chini ya mbavu za kulia, kwa nyuma kidogo, mahali ambapo hakuna aliyegusa. "Tangu siku ya Mungu, ile ya kanisa. Nikikohoa, inachoma."

"Ju ya nini haukusema?"

Nilijitahidi, na nadhani lilitoka kama swali tu.

"Ulikuwa na furaha sana na ile namba yako," akasema. "Sikutaka kuiharibu."

Daktari alianzia pale mama alipoonyesha. Usaha ulitoka, si mwingi, lakini wa kutosha kumwua. Baada ya hapo namba ilishuka bila kugeuka tena, na siku ilipokuwa chini kiasi cha yale maziwa kubaki laini kwenye kadi nyeusi, sikuisoma kwa sauti. Nilikwenda kwanza kumwuliza mama analala vipi.

Mwezi mmoja baada ya mama kurudi nyumbani, daktari alitaka kipimo cha mwisho. Mama alipita mlango wa mbele. Aliandikishwa, akakaa kwenye benchi na wengine, akashikwa tumbo, akapewa karatasi yake, na akafika kwenye dirisha langu zamu yake ilipofika, nyuma ya msichana mmoja aliyekuja kuagiza kipimo cha tifoide. Yule msichana nilimwuliza maumivu yake yalianza wapi na yamehamia wapi, na alichokunywa, na kama nyumbani wamemfanyia lavema. Nilimwuliza la mwisho kama ninavyouliza umri. Alinijibu ndiyo, asubuhi, na ya tangawizi. Nikamwambia ahsante kwa kuniambia, nikamwelekeza kwa daktari.

Kisha mama akaingia, akakaa, akaweka mkono mezani, kiganja juu. Kabla sijafunga mpira kwenye mkono, akaanza mwenyewe.

"Asubuhi nilikunywa chai na mukate. Jana mangaribi kichwa iliniuma, nikameza kidonge moja ya para. Siku ya Mungu jirani alinipatia maji ya majani ya mapera, nikakunywa kikombe moja, sikumaliza."

Karatasi zetu hazina mstari wa mambo kama hayo. Nikaigeuza na kuandika upande wa nyuma.

"Na lavema?" nikauliza.

"Hapana." Akafikiri kidogo, akinitazama machoni. "Lakini siku nitafanya, nitakuambia."

Nikaandika na hilo pia, kisha nikatafuta mshipa.